Ungo juani, gari kivulini

Maswali ya wasomaji: televisheni ya setilaiti kwa wanaolala kwenye magari

SWALI: Ndugu wahariri, sisi ni kikosi cha watu sita, kazi yetu kuchimba visima. Makao yetu ni Kizota hapa Dodoma, lakini wiki nyingi tuko porini: Bahi, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa. Coaster yetu tuliing'oa viti, tukaweka vitanda na jiko la gesi. Ungo wa Azam wa sentimita 90 tumeufunga kwa bolti juu ya paa. Tukifika kambini tunahangaika saa nzima kuipata setilaiti, na ikishapatikana, mtu akipanda ndani kulala picha inaganda. Fundi anasema tubadilishe LNB, kile kichwa cha mbele ya ungo kinachopokea mawimbi. Tumeshabadilisha mara mbili. (Msomaji, Kizota)

JIBU: LNB iacheni, haina kosa. Kosa liko kwenye paa.

Ungo wa sentimita 90 unaona kipande chembamba sana cha anga, kama nyuzi 2 kwa upana. Ukipotoka nyuzi 1 tu, mawimbi yanashuka hadi nusu. Ukipotoka 2, hamna kitu. Sasa gari limekaa juu ya springi na matairi ya upepo. Gurudumu la upande mmoja likizama sentimita 6 kwenye mchanga, Coaster imelala karibu nyuzi 2. Mtu wa kilo 80 akikanyaga ngazi, body inayumba. Ndiyo maana picha inaganda mkipanda, na mngebadilisha LNB kumi hali ingekuwa ile ile.

Ushusheni ungo, muuweke kwenye stendi ya miguu mitatu mita chache kutoka garini. Faida ya pili inakuja hapo hapo: gari linaegeshwa chini ya mkwaju, ungo unabaki juani. Kwa joto la Bahi mwezi wa Novemba hilo si jambo dogo.

Stendi achomelee fundi yeyote wa mageti. Pimeni kwanza kibano cha ungo wenu ndipo mkanunue bomba la kati, maana bomba jembamba kuliko kibano huzunguka hata ukikaza vipi. Bomba lisizidi mita moja kwenda juu. Refu linacheza na upepo. Katikati ya miguu achomee ndoano ya kutundika ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, ambayo ina zaidi ya kilo 30. Upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni hadi Septemba ukiukuta ungo haukushikwa, utauokota kwa jirani.

Kutafuta sasa. Bomba lazima lisimame wima kabisa. Wekeni pimamaji upande mmoja wa bomba, kisha robo mzunguko upande wa pili, na mchimbie miguu mpaka kitone cha hewa kikae katikati pande zote mbili. Hapa ndipo watu wanapofanya haraka, halafu wanalipa kwa saa nzima ya kuzungusha. Bomba likiwa wima, namba zilizoandikwa kwenye kibano zinasema kweli, likiinama, zinadanganya.

Azam iko kwenye setilaiti zilizo longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu na 36, kwa hiyo mnaitafuta magharibi. Ukiwa Dodoma, dira isome 281, yaani magharibi kamili halafu kidogo sana kuelekea kaskazini. Someni dira mkiwa hatua kumi kutoka kwenye gari, kwa sababu chuma cha gari kinaivuta, hata ikiwa dira ya simu. Mwinuko, yaani ungo utazame juu kiasi gani, wekeni nyuzi 56. Uzuri wa setilaiti hii ni kwamba katika maeneo yenu upande haubadiliki sana, unaobadilika ni mwinuko, tena kidogo: Kondoa ni 56 kama Dodoma, Manyoni na Singida 57, Mpwapwa 55. Mkiteremka hadi Morogoro, shusheni karibu na 53 na nusu. Andikeni namba hizo kwa rangi kwenye bomba.

Kazeni nati za mwinuko kiasi, acheni za upande zilegee. Mmoja aangalie skrini, mwingine azungushe ungo polepole, upana wa kidole kisha asubiri sekunde tatu au nne, maana king'amuzi kinachelewa kuonyesha. Skrini ina mistari miwili. Mstari wa nguvu usiwadanganye, unaweza kupanda hata ungo ukitazama ukutani, kwa kuwa LNB ikipata umeme tu inatoa kelele zake. Mnachotafuta ni mstari wa ubora. Ukitokea, endeleeni kuzungusha mpaka ushuke, wekeni alama. Rudini upande wa pili mpaka ushuke tena, wekeni alama. Ungo ukae katikati ya alama hizo. Fanyeni vivyo hivyo kwa mwinuko. Mwisho legezeni LNB muizungushe kidogo kidogo kwenye kishikio chake. Msishangae ikikaa upande upande, kwa setilaiti hii ndivyo inavyotakiwa. Ikishakaa, Singida hadi Morogoro hamna haja ya kuigusa tena.

Mkaze nati kwa zamu, robo mzunguko hii, robo mzunguko ile, mkiangalia mstari. Ukikaza moja mpaka mwisho, ungo unavutika na ubora unaondoka mbele ya macho yako.

Kebo iwe RG6 (aina ya kebo ya ungo), mita 15 au 20 inatosha. Mkivalisha koneka, waya wa katikati uchomoze milimita 2 hadi 3, na usiachwe hata unywele mmoja wa ule wavu wa nje kuugusa. Zimeni king'amuzi kwenye umeme kabla ya kufunga au kufungua koneka. Msipitishe kebo mlangoni: inabanwa, inapondeka, na mawimbi yanapotea hapo bila jeraha kuonekana. Kuna kipande bapa cha kupitisha dirishani, bei yake si kubwa.

SWALI: Televisheni yangu imeandikwa 12V. Niliichomeka kwenye umeme wa basi dogo nililoligeuza kuwa la kulala, ikatoa moshi. Fundi umeme wa magari ananishauri nichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili zilizomo. Nifuate? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Usifuate. Malori na mabasi madogo mengi ya dizeli yana betri mbili zilizofungwa kwa mfuatano, jumla volti 24, na injini ikiwaka inafika karibu 28. Televisheni yako ilipata mara mbili ya inachohitaji. Ukichukua 12 kwenye betri moja, hiyo itashuka kila usiku huku mwenzake imejaa. Jenereta inazichaji kama kitu kimoja, basi moja inabaki na njaa na nyingine inachemka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa.

Nunua kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12, cha ampia 10. Piga hesabu hivi: televisheni ndogo ya inchi 24 hula karibu wati 30, king'amuzi pamoja na LNB karibu 12. Jumla wati 42, yaani ampia 3.5 kwa volti 12. Ukitazama kwa muda wa saa tano umetumia ampia-saa 17 na nusu. Ving'amuzi vingi vidogo vina adapta ya nje. Geuza adapta usome, kama imeandikwa kutoa 12V basi huhitaji inveta kabisa. Inveta inakula yenyewe sehemu ya kumi au zaidi kwa kugeuza umeme kwenda 230 ambao adapta itaurudisha tena 12.

Bora zaidi ni betri ya pembeni ya sola, ampia-saa 100, isiyohusiana na ya kuwashia injini. Betri ya maji tumia nusu tu. Ikipumzika na kusoma volti 12.2, imefika hapo. Paneli ya wati 100 yenye chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti kuchaji betri) inarudisha matumizi ya usiku kwa siku moja ya jua la Dodoma, mradi paneli isikae kivulini pamoja na gari. Waya uwe wa milimita 2.5, na fyuzi ya ampia 5 ikae karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo mbali, karibu na televisheni, hailindi waya unaotoka betrini, na waya huo ndio unaounguza magari.

SWALI: Wanangu, hamjambo? Nimeletewa gari la kulala kutoka Ulaya, lina kuba jeupe juu ambalo hutafuta setilaiti lenyewe. Huku linazunguka, linazunguka, kisha linasema halikupata. Tumewekewa kitu kibovu? (Mama wa Ipagala)

JIBU: Shikamoo mama. Huenda ni kizima kabisa, ila kimezoea anga nyingine. Ulaya setilaiti zinakaa chini, nyuzi 25 hadi 45 hivi juu ya upeo wa macho, na kuba nyingi zimeundwa kwa ajili hiyo. Fungua kitabu chake utafute kiwango cha juu cha mwinuko. DStv ipo nyuzi 36 mashariki, na kwa Dodoma hiyo ni mwinuko wa nyuzi 83, karibu utosini. Kuba inayoishia 60 haifiki huko milele. Azam, kwenye 56, inaweza kufikika, lakini lazima setilaiti hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu ya kifaa. Hata ikipatikana, ungo uliomo ndani ya kuba mara nyingi ni mdogo sana kwa mvua ya Januari.

Ushauri wetu: kuba iache ilivyo, nunua ungo wa kawaida na stendi, na utumie kebo ya kuba iliyokwisha kupita paani ili usitoboe tundu jipya. King'amuzi kilichokuja na gari nacho weka kando.

SWALI: Ninalala kwenye lori langu nikisafiri Morogoro, Dodoma hadi Singida. Ungo wa DStv niliuwekea alama Morogoro, kaskazini kidogo kushoto. Singida nikiweka hapo hapo siambulii kitu, ingawa mwinuko nimeuhakikisha. (Msomaji, Singida)

JIBU: Kitu kikiwa karibu na utosi, hatua chache ardhini hukifanya kihame upande mzima. Morogoro uko mashariki ya nyuzi 36, Singida magharibi yake. Kwa hiyo Morogoro dira isome 346, Mpwapwa 356, Dodoma 2, Manyoni kama 11 au 12, Singida 15. Ni tofauti ya karibu nyuzi 30 kati ya miji yako miwili, wakati mwinuko unatoka 82 kwenda 84 tu. Ni kinyume kabisa cha Azam. LNB nayo izungushe kidogo kila unapohama.

Vibano vingine vinagota kabla ya 83. Usivipige nyundo. Inamisha bomba nyuzi 15 kuelekea kusini, kisha weka kibano kwenye 68, jumla inafika. Na usihukumu kwa macho: ungo wa kawaida una LNB pembeni, hivyo uso wake huonekana umelala chali kwa nyuzi 60 tu ilhali unatazama 83.

SWALI: Mwezi wa tisa, mchana wa jua kali bila wingu, picha ilipotea dakika chache saa sita na nusu, ikarudi yenyewe. Siku mbili tatu mfululizo. (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Jua lilipita nyuma ya setilaiti. Kwa eneo lenu hutokea karibu na tarehe 20 Septemba na 23 Machi: kwa DStv saa sita na nusu hivi, kwa Azam saa tisa kasoro alasiri. Kelele za jua zinazidi mawimbi. Msiguse ungo. Wenye magari waitumie siku hiyo: jua liko mahali hasa ilipo setilaiti, kwa hiyo kivuli cha tawi kikiangukia ungo saa hizo, tawi hilo ndilo linalowaziba mwaka mzima. Siku nyingine kumbukeni tu kwamba kwa Azam mti wa mita 10 ulio magharibi uwe umbali wa zaidi ya mita 7.

SWALI: Nitajuaje tatizo ni ungo au ni malipo? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Kwa DStv, namba ya kosa E48-32 kwenye skrini ni mawimbi hayafiki: ungo, LNB au kebo. E16 ni malipo, ungo uuache. Kwa king'amuzi chochote, fungua ukurasa wa mawimbi: ubora ukiwa mzuri na picha haipo, chukua simu ulipie, usichukue sipana.