Shairi la Frost: kwa nini mshororo wa tatu umeachwa peke yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunasoma shairi la Robert Frost, mshairi wa Marekani, "Stopping by Woods on a Snowy Evening". Kwa kuwa nimezoea tarbia zetu, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, nilianza na vina, nikakuta katika kila ubeti mshororo wa tatu haupatani na wenzake. Kufika ubeti wa nne, yote minne inapatana, na wa mwisho umeandikwa mara mbili. Wenzangu wanasema shairi linahusu kifo, basi. Je, hili ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, au kuna kitu sikioni?

JIBU: Marahaba. Si guni hata kidogo, na umeanzia pazuri kuliko wenzako.

Kwa wasiolijua: msafiri na farasi wake wanasimama jioni ya majira ya baridi, kati ya msitu na ziwa lililoganda. Msafiri anautazama msitu wa mtu ukijaa theluji. Mwenye msitu anakaa kijijini, hatamwona. Farasi anashangaa kusimamishwa pasipo na nyumba, anatikisa kengele zake. Kisha msafiri anakumbuka kwamba ana ahadi za kutimiza na mwendo mrefu kabla ya kulala. Hakuna tukio jingine.

Sasa tazama vina. Ubeti wa kwanza unaishia na know, though, here, snow. Hapo "here" imebaki yatima. Lakini shuka ubeti wa pili: queer, near, lake, year. Yule yatima ndiye aliyeshika ubeti mzima, na sasa "lake" ndiyo iliyoachwa. Wa tatu: shake, mistake, sweep, flake. Umeshaona mchezo wenyewe. Ukilijua pindu letu utahisi undugu, ila pindu hudaka maneno ya mwisho ya ubeti kuanzia ubeti mwingine, ilhali Frost anadaka sauti tu, tena kutoka mshororo wa tatu. Mpangilio wa kuacha mshororo wa tatu huru ni wa rubai, mashairi ya Kiajemi ya mishororo minne, uliopata umaarufu kwa Kiingereza kupitia tafsiri ya rubai za mshairi Mwajemi Omar Khayyam aliyoitoa Mwingereza Edward FitzGerald mwaka 1859. Kuziunganisha beti kwa mnyororo namna hii ni hatua zaidi aliyopiga Frost.

Kwa hiyo kila ubeti unamaliza ukiwa na deni, na ubeti unaofuata unalilipa kwa kukopa upya. Msafiri anataka kusimama, shairi lenyewe linamsukuma aende. Tatizo likawa namna ya kulifunga. Mshororo wa tatu wa ubeti wa nne ukiachwa huru, unadai ubeti wa tano. Frost angeweza kurudi kwenye kina cha ubeti wa kwanza akafanya duara. Badala yake alikata mnyororo: deep, keep, sleep, sleep. Ndiyo maana usiuite mshororo ule kibwagizo. Kibwagizo hurudi ubeti baada ya ubeti. Huu umerudiwa papo hapo, mara moja, kama breki. Na kwa sababu umerudiwa, hausikiki vilevile. Mara ya kwanza ni taarifa ya mtu aliyechoka: bado niko mbali. Mara ya pili habari ni ileile, kwa hiyo sikio linaanza kutafuta maana nyingine kwenye huo "usingizi".

Hapo ndipo kifo kinapoingilia, na ni mlango mwembamba. Mwaka 1958 John Ciardi, mshairi na mhakiki wa Marekani, aliandika makala akilisoma shairi kama tamaa ya kufa. Frost hakukubali usomaji huo. Mimi siwakatazi wenzako kukitaja kifo, nawakataza kuanza nacho. Na wanaolisoma kama shajara ya jioni ya theluji wakumbuke kwamba liliandikwa Juni 1922 huko Vermont, kiangazi, baada ya Frost kukesha akiandika shairi refu jingine. Lilichapishwa mwaka 1923.

Mizani, yaani idadi ya silabi, ni nane kila mshororo, ila Kiingereza hapa kinahesabu pia mkazo: silabi hafifu, kisha nzito, mara nne. Maneno karibu yote ni ya silabi moja au mbili. Lenye silabi tatu ni moja tu, "promises", yaani ahadi. Neno refu kuliko yote limewekwa palepale msafiri anapovutwa kutoka msituni.

Kagua pia koma kwenye kitabu chako, mshororo wa kwanza wa ubeti wa nne. Frost aliandika "lovely, dark and deep": koma moja. Toleo la mwaka 1969, lililohaririwa na Edward Connery Lathem miaka sita baada ya Frost kufariki, liliongeza koma baada ya "dark". Kwa koma mbili unapata sifa tatu zilizopangwa foleni. Kwa koma moja, giza na kina vinaeleza uzuri wenyewe: msitu unapendeza kwa kuwa ni wa giza, tena wa kina. Mimi nafuata koma moja, kwa sababu bila hiyo mvuto wa msitu unapungua na ahadi hazina cha kushindana nacho.

Kwenye insha yako, anza na mnyororo wa vina, nenda kwenye breki ya mwisho, halafu ndipo uzungumzie usingizi. Kama kitabu chako kina koma mbili, taja toleo unalotumia.