Maswali na Majibu: Toleo Jipya Lisionekane Kabla Halijakamilika

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu wa Majengo, Moshi, na tunatengeneza programu ya hesabu inayotumiwa na vyama vya akiba na mikopo pamoja na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Kila tunapotoa toleo jipya, mmoja wetu hupakia mafaili kwa mkono kwa njia ya FTP (utaratibu wa zamani wa kuhamisha mafaili kati ya kompyuta): faili la Windows, la Linux na mwongozo wa PDF. Hivi karibuni umeme ulikatika katikati ya kazi hiyo, na wahasibu wawili wa Rombo wakapakua faili lililoishia njiani, likagoma kufunguka. Tunataka mashine ifanye kazi hii yenyewe. Je, tuanzie wapi, na nenosiri la seva tuliandike ndani ya skripti (faili la amri ambazo mashine huzifuata yenyewe)?
— Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la mwisho lina jibu fupi, nalo ni hapana. Nenosiri lililoandikwa ndani ya skripti huenda na skripti hiyo popote inaponakiliwa, na likishaingia kwenye hazina ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hubaki katika historia yake hata baada ya mstari wenyewe kufutwa. Isitoshe, FTP ya kawaida, ambayo maelezo yake rasmi ni ya mwaka 1985, hupitisha nenosiri waziwazi, hivyo mtu anayenasa mawasiliano ya njiani hulisoma bila taabu. Nenosiri zilizonaswa kwa namna hiyo katika mtandao wa chuo kikuu kimoja nchini Finland ndizo zilizomfanya Tatu Ylönen atengeneze SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mawasiliano yaliyofichwa, mwaka 1995. Tumieni SSH pamoja na jozi ya funguo: ufunguo wa siri ukae kwenye mashine inayopakia, katika sehemu ya siri ya huduma mnayotumia kutengenezea programu, na ufunguo wa umma uwekwe kwenye seva.

Ufunguo huo uwe wa kazi hii peke yake, wala usiwe ule mnaoingilia ninyi wenyewe. Kwa kuwa hakuna mtu atakayekuwepo kuandika nenosiri la kuufungua, itabidi uachwe bila nenosiri, na kwa sababu hiyo hiyo ubanwe upande wa seva. Ndani ya faili la authorized_keys la seva, linaloorodhesha funguo zinazoruhusiwa kuingia, mbele ya ufunguo wenyewe, andikeni:

command="rrsync -wo /srv/mapokezi",restrict

Kwa mstari huo, anayeshika ufunguo hawezi kufungua dirisha la amri wala kusoma chochote kwenye seva. Anachoweza ni kuingiza mafaili katika folda moja tu. Skripti ya rrsync hutolewa pamoja na rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, ambayo ndiyo ningewashauri muitumie kupakia.

Sasa nije kwenye tatizo la wahasibu wa Rombo, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha barua yako. Wengi wanaoanza kupakia kwa skripti huogopa kwamba kazi itashindwa, ilhali kazi iliyoshindwa waziwazi haina madhara makubwa: mashine hutoa taarifa, mtu huirudia. Kinachodhuru ni nusu ya kazi inayoonekana kama kazi nzima. Kwa kawaida seva ya FTP huandika moja kwa moja katika jina la mwisho la faili, kwa hiyo tangu sekunde ya kwanza mteja anaweza kupakua kipande akidhani ni faili kamili. Rsync ina utaratibu bora, kwani huandika kwanza katika faili la muda lililofichwa, kisha hulipa jina lake halisi linapokamilika. Lakini angalieni chaguo la --partial, ambalo watu hulipenda kwa sababu huwezesha kuendelea pale mtandao ulipokatikia: likitumika peke yake, kipande kilichokatika huachwa chini ya jina lile lile la mwisho, na mnarudi mlikotoka. Tumieni --partial-dir, ambalo huweka vipande hivyo katika folda yake.

Hata hivyo ninyi mna mafaili matatu, na rsync hulinda kila moja kivyake tu. Duka halifunguliwi wakati nusu ya mzigo ingali kwenye lori. Vivyo hivyo, tenganisheni kupokea na kutangaza. Mashine yenu ikishatengeneza mafaili, iyaweke katika folda yenye namba ya toleo, tuseme 2.4.1, kisha ikokotoe namba ya uhakiki ya kila faili kwa sha256sum na kuziandika zote katika faili moja liitwalo SHA256SUMS. Amri ya kwanza ya rsync ipeleke mafaili matatu kwenye folda ya mapokezi, ambayo wageni wa tovuti hawaioni. Amri ya pili, inayoruhusiwa kuanza pale tu ya kwanza iliposhinda, ipeleke SHA256SUMS. Kufika kwa faili hilo la mwisho ndiko kunakoiarifu seva kwamba mzigo umetimia.

Kwenye seva yenyewe wekeni skripti fupi inayoitwa na cron, programu ya seva inayoanzisha kazi kwa ratiba, kila baada ya dakika 5. Ikikuta SHA256SUMS, iendeshe sha256sum -c. Kama faili hata moja limetofautiana kwa herufi moja, iache kila kitu kilipo na kuwatumia barua pepe. Kama yote yamelingana, ihamishe folda nzima kwa amri ya mv hadi kwenye folda ya umma. Folda hizo mbili lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa mafaili, kwa sababu hapo mv hubadilisha jina tu, jambo linalofanyika kwa mara moja. Zikiwa kwenye diski mbili tofauti, mv hugeuka kuwa kunakili, na hatari ya nusu faili inarudi. Kiungo cha “toleo jipya” kwenye ukurasa wenu kibadilishwe mwisho kabisa.

Kuna kikwazo kitakachowakuta siku ya kwanza. SSH ikikutana na seva isiyoijua huuliza kama iendelee, na mashine isiyo na mtu hukwama hapo. Dawa inayosambazwa sana ni kuzima ukaguzi huo, nami siikubali hata kidogo, kwani mtakuwa mnapeleka programu ya fedha za watu kwa seva yoyote itakayoitika. Chukueni ufunguo wa utambulisho wa seva kutoka kwenye seva yenyewe na kuuweka mapema katika known_hosts, yaani orodha ya seva zinazotambuliwa, ya mashine inayopakia.

Kazi hii ianzishwe na tagi ya toleo (alama yenye jina la toleo) katika Git, isianzishwe na kila badiliko. Chaguo la --delete la rsync, linalofuta kwenye seva mafaili yasiyokuwepo kwenye mashine yenu, msiliguse. Wapo wateja ambao bado wanahitaji toleo la zamani. Mfahamu pia kwamba SHA256SUMS hugundua faili lililoharibika njiani, lakini haimzuii mwizi wa ufunguo, ambaye angeweza kuandika namba zake mwenyewe. Kwa hilo, tieni sahihi ya GPG (programu ya sahihi za kidijitali) kwa ufunguo usiowahi kukaa kwenye seva.

SWALI: Tukigundua kosa saa moja baada ya kutoa toleo, je, tunaweza kulibadilisha faili kimyakimya kwa jina lile lile?
— Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Msifanye hivyo. Baadhi ya wateja watakuwa wameshapakua la kwanza, na hifadhi za muda zilizo kati yenu na wengine zinaweza kuendelea kuwapa la zamani, kwa hiyo mtajikuta mnahudumia programu mbili zenye namba moja, huku namba za uhakiki zikiwakataa watu wasio na kosa. Ondoeni kiungo cha toleo lenye kosa, toeni toleo la 2.4.2 hata kama badiliko ni la mstari mmoja, na mwandike kwenye ukurasa kwa nini 2.4.1 isitumike.