Kuanza leba ukiwa mpya: hakuna sharti la miaka miwili

Umeuliza kama muuguzi mpya hapa Tanzania lazima akae kwanza wodi ya kawaida miaka miwili ndipo aingie leba, yaani wodi ya kujifungulia. Hapana, si lazima. Stashahada yetu ni ya uuguzi na ukunga pamoja, hivyo ukishapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga unaweza kupangwa leba moja kwa moja. Nipo wodi ya wazazi huku Mbeya, wapya tunawapokea. Wa shahada amalize kwanza mwaka wa intaniship, yaani mafunzo ya kazini. Akipangiwa Meta ana bahati, ile ni hospitali ya wazazi hapa Mbeya na mkono utazoea haraka. Ila anayepanga wodi ni matroni, yaani muuguzi mkuu, mwambie mapema kuwa unataka leba. Ukipelekwa kituo cha afya kijijini, jua patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) vizuri kabla hujaenda, maana usiku unaweza kuwa peke yako.