Kabla ya Kulipia Safari ya Andes: Jibu kwa Msomaji wa Morogoro

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro ambaye amekuwa akiweka akiba kwa ajili ya safari ya milima ya Andes, Amerika Kusini, na ambaye tayari ana mapendekezo ya kampuni mbili mkononi. Moja hubeba watalii arobaini katika basi moja. Nyingine haichukui zaidi ya kumi na wawili, na bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Ameniuliza hivi: "Dada, hiyo pesa ya ziada inanunua nini hasa?" Kwa kuwa nimerejea hivi karibuni kutoka Peru na Bolivia, nikiwa na kikundi kidogo, na kwa kuwa ninajipatia riziki kwa kuwatembeza wageni katika vihamba, yaani mashamba ya familia, vya Marangu, Kilimanjaro, naamini ninaweza kulijibu swali hilo nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza.

Inanunua muda. Kikundi kidogo hakina maana yoyote ikiwa ratiba yake ni ileile ya basi kubwa, yaani dakika ishirini kwa mafundi wa kufuma, dakika kumi kwa choo, kisha safari inaendelea. Nimeshuhudia mambo hayo hapa kwetu kwa miaka mingi, na wageni wa namna hiyo huondoka Marangu wakiwa na picha nyingi za mgomba na bila kujua jina la bibi aliyewapikia. Kwa hiyo, unapoletewa ratiba, usihesabu vivutio; angalia ni saa ngapi umeachiwa katika kila kijiji, na ni usiku upi unalala nyumbani kwa mtu badala ya hoteli.

Jambo la pili ni mwinuko, na hapa sisi wa Kilimanjaro tuna haki ya kusema. Lima, mji mkuu wa Peru, ipo pwani, lakini ndege ikikupeleka Cusco, mji mkuu wa zamani wa Wainka waliotawala Andes kabla ya Wahispania, utatua kwenye mita zipatazo 3,300 ndani ya muda mfupi tu, bila mwili wako kushauriwa. Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, lipo mita 3,812, yaani juu kidogo ya kambi ya Horombo ambako tunawalazimisha wapandaji wapumzike. Kiongozi wetu alifanya jambo ambalo lilinifanya nimheshimu tangu siku ya kwanza: hakutulaza Cusco, bali alituteremsha moja kwa moja hadi Bonde Takatifu la Wainka, upande wa Urubamba, ambako ni chini ya mita 2,900, na Cusco tukairudia baadaye. Wenzangu kadhaa walinung'unika kwamba wanapotezewa muda. Mimi nilikunywa chai yangu ya majani ya koka, ambayo huko ni kinywaji halali cha kila siku, nikanyamaza. Tafadhali usibebe majani hayo kurudi nayo, kwa maana nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya.

Chinchero ndiko nilikojua kwamba sikupoteza pesa. Ni mji wa wafumaji uliopo zaidi ya mita 3,700, na makundi makubwa hufika hapo, huoneshwa maonesho mafupi, hununua shali na kuondoka. Sisi tulikaa tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Mama mmoja alitufundisha kuosha sufu ya alpaka, mnyama wa huko wa jamii ya ngamia, kwa mzizi unaotoa povu kama sabuni, kisha akachuna kutoka kwenye mpungate wadudu wadogo weupe, akawasaga kiganjani, na kiganja chote kikageuka chekundu. Akaongeza maji ya limau, rangi ikawa ya chungwa. Akaongeza chumvi ya madini, ikawa na wekundu mwingine. Mkanda wa kufuma aliufunga kiunoni mwake na ncha nyingine kwenye nguzo, kwa hiyo mwili wake wenyewe ndio uliokuwa sehemu ya kitanda cha mfumi, na kila alipoegemea nyuma nyuzi zilikaza. Nilipoomba kujaribu, nilivuruga mistari miwili. Alicheka sana, akaifumua bila kuniuliza, akanirudisha mwanzo. Hakuna kitu cha namna hiyo kinachoweza kutokea mbele ya watu arobaini, na sidhani kama mama yule angekubali kitokee.

Jioni ile tuliona nje ya nyumba moja mti mrefu uliofungwa mfuko mwekundu kileleni, ishara kwamba ndani kuna pombe ya mahindi, chicha. Mahindi huloweshwa hadi yachipue, hukaushwa, husagwa, huchemshwa, na kuachwa yachachuke. Mchaga yeyote anayejua kimea cha ulezi katika mbege, pombe yetu ya ndizi, atalielewa jambo hilo mara moja, na nililieleza kwa mikono na michoro hadi mwenye nyumba akamwita mumewe aje kusikiliza. Kabla ya kunywa, alimwaga matone machache sakafuni kwa ajili ya Pachamama, Mama Ardhi. Nami nikamwaga. Wageni wengine walimtazama kiongozi kuona kama ni lazima.

Kuhusu Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu ameshasema. Ilitangazwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1983, tiketi zake zina saa maalumu ya kuingia na njia maalumu ya kupita, na ukichelewa kununua utakosa. Wale wanaotaka kutembea hadi huko kwa miguu kwenye Njia ya Inka wafahamu kwamba watu wanaoruhusiwa kuanza kila siku hawazidi 500, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na kwamba njia hiyo hufungwa kila Februari kwa ukarabati. Ukiichagua njia hiyo, uliza wapagazi wanalipwa nini, wanalala wapi na wanakula nini. Niliwahi kufanya kazi na wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro na ninajua mgeni asipouliza nani hunyamaziwa.

Cusco yenyewe inastahili siku za kutosha. Pale Qorikancha, Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu ya kuta za hekalu la jua, na tetemeko la mwaka 1950 lilipobomoa sehemu kubwa ya jengo la juu, mawe ya Wainka yalibaki yameshikana. Katika kanisa kuu kuna mchoro wa Marcos Zapata wa Karamu ya Mwisho ambamo mbele ya Yesu pamewekwa simbilisi wa kuokwa. Wenzangu walicheka. Mimi niliwaza ndugu zetu wa Kivu, ambao hufuga simbilisi jikoni na wasingeona kichekesho chochote hapo. Na katika uwanja mkuu uliopo mbele ya kanisa hilo ndipo Túpac Amaru wa Pili aliuawa mwaka 1781 baada ya kuongoza uasi dhidi ya utawala wa Kihispania. Kiongozi wetu, Mketchua, yaani mwenyeji wa asili wa maeneo hayo, alilisimulia tukio hilo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyepiga picha.

Kisiwani Taquile, katika Ziwa Titicaca, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, wakitembea na wakizungumza, na rangi ya kofia hueleza nani ameoa na nani hajaoa. UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2005. Tulilala kwenye kisiwa jirani cha Amantaní, ambako familia hupokea wageni kwa zamu ili pesa isibaki kwa mwenye nyumba iliyo karibu na gati. Sisi wa utalii wa utamaduni Tanzania tumekuwa tukibishana juu ya zamu za namna hiyo tangu miaka ya 1990, na nilimuuliza mwenyeji wangu maswali mengi kuliko alivyotarajia. Chakula cha usiku kilikuwa supu ya kinoa, nafaka ya huko, na chuño, viazi vinavyotandazwa nje usiku wa baridi kali, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, na kukaushwa juani hadi vinaweza kukaa miaka ghalani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Kabla sijalipa hata senti, niliiomba kampuni iongeze Tocaña, kijiji cha Wabolivia wenye asili ya Afrika katika mabonde ya Yungas, chini ya jiji la La Paz. Wazee wao waliletwa kama watumwa enzi za Wahispania, wengine wakapelekwa Potosí kwenye migodi ya madini ya fedha na kiwanda cha kupiga sarafu, na baadaye wengi walitumikishwa katika mashamba makubwa ya Yungas, hali ambayo kwa vizazi vyao haikuisha hadi mageuzi ya ardhi ya mwaka 1953. Kampuni ilikubali, na nilisisitiza iandikwe katika mkataba. Tulipofika La Paz, baadhi ya wenzangu walipendekeza tuiache Tocaña ili siku hiyo itumike kuteremka kwa baiskeli ile barabara maarufu ya kifo. Mmoja wao alisema mezani, mbele yangu, kwamba hakuja Amerika Kusini kutazama Afrika. Jioni hiyohiyo, sokoni, mtu mmoja nisiyemjua alinifinya mkono na kutamka neno la bahati, kwa maana wapo Bolivia wanaoamini kwamba kumfinya mtu mweusi huleta neema. Nchi hiyo ina sheria dhidi ya ubaguzi tangu mwaka 2010. Wenzangu wawili walicheka, wakidhani ni mila ya kupendeza.

Nilitoa mkataba wangu, nikauweka mezani, nikasema kwamba wapenda baiskeli wana ruhusa ya kwenda kwa gharama zao, lakini gari la kikundi litakwenda Tocaña. Likaenda. Tulipita njia ya mlimani ya La Cumbre, zaidi ya mita 4,600, tukateremka hadi kwenye joto, migomba, kahawa na michungwa, na nilihisi mapafu yangu yakifunguka kwa sababu zaidi ya moja. Wenyeji walituchezea ngoma yao, saya: ngoma za ukubwa tofauti, wanawake waliovaa mavazi meupe yenye nakshi, kiongozi aliyefunga njuga miguuni, na wimbo wa kuitikiana. Mzee mmoja aliniuliza kwetu tunapiga ngoma kwa mkono au kwa fimbo. Nilimjibu kwamba inategemea ngoma, na tukakaa hapo kivulini kwa saa nzima, mkalimani akiwa amechoka na sisi bado hatujamaliza. Aliniambia kwamba katiba ya mwaka 2009 ndiyo iliyowataja kwa mara ya kwanza kama watu wa taifa hilo, na kwamba watoto wake wanaijua tarehe hiyo kuliko tarehe zao za kuzaliwa.

Basi, msomaji wangu, usikubali mtu akuambie kwamba utamaduni ni kile tu kilichochapishwa kwenye kipeperushi. Uliza. Andika. Dai kila ulichoahidiwa, na ukifika kwa watu, kaa chini. Sisi Waafrika tunaosafiri kwa pesa zetu tumezoea kushukuru kupita kiasi kwamba tumepewa nafasi kwenye gari, na mazoea hayo yanatugharimu. Uliza tena, hata wakikuona msumbufu.

Kwa upande wa maandalizi, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Bolivia huidai kwa wanaotoka kwenye nchi zenye ugonjwa huo, na ulizia mapema viza na masharti ya kupitia nchi utakayobadilishia ndege. Wengi wetu hupitia Addis Ababa na São Paulo. Wapelekee wenye kampuni zote mbili maswali haya: mwongozaji anazungumza Kiketchua au Kiaymara, lugha za wenyeji, familia zinazopokea wageni hulipwa moja kwa moja au kupitia dalali, na ni saa ngapi mtakaa Chinchero. Ile ya watu kumi na wawili ikishindwa kujibu, usiilipe hiyo ziada. Ikijibu, jaribu kupata nafasi ya Juni, wakati Cusco inasherehekea Inti Raymi, sikukuu ya jua, tarehe 24 na wanavijiji wa kandokando ya mto Apurímac wanasuka upya daraja la nyasi la Q'eswachaka, na ubebe sweta mbili nzito, kwa kuwa usiku wa Juni katika Titicaca hushuka chini ya nyuzi sifuri.