Matimba yaliyooza kwenye mgodi wa zamani: tuyang'oe au tuyaache?

SWALI: Kikundi chetu cha kujitolea kinatunza handaki la mgodi uliofungwa zamani, kwa kibali cha mwenye eneo. Mwamba wa juu ni wa tabaka tabaka na umeshikiliwa na matimba: nguzo mbili, boriti juu. Nguzo nyingi zimeota kuvu, nyingine zinaonekana nzima. Tunafikiria kung'oa zilizooza na kuweka jeki za chuma, zile za kushikilia zege. Tuanzie wapi?

JIBU: Msing'oe kitu. Nguzo iliyooza inaweza kuwa bado imebeba mzigo, na hakuna ajuaye ni kiasi gani mpaka itoke. Mpya husimikwa kando ya ile ya zamani, kama sentimita 30 hivi, ikakazwa, na ya zamani ikaachwa palepale. Ikiwa inaziba njia kabisa ndipo hukatwa, tena baada ya mpya kuonyesha kwamba imeanza kubeba. Hiyo si kazi ya siku moja.

Kabla ya mbao, hewa. Mbao zinazooza hula oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa, hulala kwenye mabonde na ncha zisizo na upepo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka hadi 19.5, kila mtu atoke. Lakini kipimo cha oksijeni peke yake kinadanganya. Kaboni dioksidi inayotoka mwambani na kuisukuma hewa ikifika asilimia 5, kiasi cha kumfanya mtu aheme juu juu na kuumwa kichwa, oksijeni bado husomeka karibu 19.9, na king'ora kiko kimya. Vipima gesi vingi vya gesi nne (oksijeni, methani, monoksidi ya kaboni na hidrojeni salfaidi) haviisomi kaboni dioksidi kabisa. Tafuteni chenye kuisoma.

Sasa hizo "zinazoonekana nzima". Kuvu anahitaji maji na hewa kwa pamoja, ndiyo maana mbao iliyozama majini muda wote hudumu, na ile inayolowa na kukauka kwa zamu huoza. Kwa hiyo kagueni mguuni, panapokutana na tope, na kichwani chini ya boriti. Gongeni kidogo kwa nyundo ya nusu kilo: mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyooza ndani hutoa mlio mfu. Kisha sukumeni bisibisi kwa mkono. Ikizama sentimita 2 bila kulazimishwa, ihesabuni haipo. Msiigonge kwa nguvu nguzo iliyopinda au iliyopasuka. Hiyo ina mzigo.

Mwamba nao husikilizwa. Simama chini ya fremu (nguzo mbili na boriti yake) unayoiamini, gonga dari iliyo mbele yako kwa mtaimbo, kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimegusa mwamba huohuo. Ukilia kama ngoma, au ukiusikia ukitetemeka kiganjani, tabaka limeachana na lililo juu yake.

Jeki za chuma zinafaa kwa muda, mkiwa mnasimika mbao. Kadiri unavyoirefusha ndivyo uwezo wake unavyopungua, haipendi mzigo wa upande, na maji yenye asidi ya migodini hula zinki yake hadi kwenye uzi wa skrubu. Ikizidiwa, hupinda ghafla. Mbao hulia kwanza.

Ukubwa: kipenyo kisipungue sehemu ya 12 ya urefu, yaani nguzo ya mita 2 iwe na sentimita 17. Msikubali za sentimita 12 kwa kuwa ni nyepesi kubeba: kwa urefu uleule, ukinzani wake dhidi ya kupinda ni kama robo tu. Mzigo wenyewe si mlima mzima, ni lile tabaka lililolegea. Njia ya upana wa mita 2, fremu kila mita 1, tabaka la nusu mita: hiyo ni meta moja ya ujazo, karibu tani 2.6.

Chimbeni tope mpaka sakafu ngumu, kisha mlaze ubao wa mbao ngumu chini ya mguu. Juu ya nguzo, kati yake na mwamba, weka ubao wa unene wa sentimita 5, na kabari mbili zinazoelekeana, zigongwe kwa zamu kutoka pande zote mbili. Kabari moja hugusa ukingoni tu na kuipasua nguzo. Kazeni mpaka nguzo isitikisike, basi; kuendelea kugonga ni kuusukuma mwamba uliokwisha kupasuka. Pale penye boriti, uwazi ulio juu yake ujazwe vipande vya mbao. Jiwe likiachiwa nafasi ya kuanguka, hufika na kishindo ambacho boriti haikupangiwa.

Rudini baada ya wiki, kisha kila mwezi. Nguzo mbichi ikikauka haipungui sana urefu; kinachosinyaa ni ubao na kabari, na hapo ndipo panapolegea.

Ubao huohuo ndio kipimo chenu. Mbao ikibanwa kukata nyuzi ni dhaifu mara kadhaa kuliko ikibanwa kwa kufuata nyuzi, hivyo ubao husagika kabla nguzo haijavunjika: kingo zinatuna, nyuzi zinachomoza kama bua lililokanyagwa. Andikeni unene wake kwa penseli, pamoja na tarehe, kwenye nguzo. Ukipungua sentimita 1 kwa mwezi, mwamba unatembea. Tokeni, mwiteni mhandisi wa migodi.

Popo wakiwemo, ulizeni mamlaka ya wanyamapori kabla ya kupiga nyundo.

Kuna mahali pa kutogusa hata kwa kabari: pale wachimbaji wa zamani walipopanga kifusi juu ya mbao zilizokitwa kuta kwa kuta, juu ya vichwa vyenu. Mbao moja ikiachia, kifusi chote hushuka, na hakuna nafasi ya kusimika nyingine kando yake. Wekeni kizuizi kabla ya kufika hapo, na kazi ya kikundi iishie kwenye kizuizi hicho mpaka mhandisi apaone.