Ukienda Liechtenstein, ikatae ile safari ya dakika arobaini

Kila mwaka ikifika Juni hivi naanza kupata meseji za watu wanaokuja kutembea Uswisi, wengine ndugu, wengine marafiki wa ndugu, wengine hata siwajui namba wamepewa tu na mtu, na swali ni lilelile, eti dada kuna ka-nchi kadogo hapo jirani yenu, kanafikika? Kanafikika jamani. Naishi St. Gallen mwaka wa saba sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee, na Liechtenstein nimeenda mara nne, ile ya kwanza nikiwa sijui kitu kabisa, ndo maana nimeamua niandike hapa mara moja nisiwe namwelezea kila mtu peke yake WhatsApp usiku nimechoka.

Hiyo mara ya kwanza nilipanda basi la watalii kutoka Zurich, tumelipa hela ya maana, tukashushwa Vaduz tukaambiwa mna dakika arobaini. Arobaini! Tukakimbilia foleni ya kugongewa muhuri kwenye pasipoti, tukapiga picha kasri likiwa kule juu kwenye jabali, nikanunua sumaku ya friji, haya wote kwenye basi twende. Jioni mama ananipigia kutoka Tabora, anauliza huko ulikoenda kukoje, nikajikuta sina cha kumwambia, nikasema kuna boma na kuna benki. Akanijibu mbona hata hapa Tabora kuna boma na kuna benki. Ikaniuma kweli.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, usiingie na basi la watalii, ingia kwa miguu. Panda treni ya bonde la Rhine ushukie Sevelen, upande wa Uswisi, halafu tembea taratibu mpaka mtoni, kuna daraja la zamani la mbao, limejengwa 1901, lina urefu wa mita 135 na limeezekwa paa kabisa kama nyumba ndefu, ndani giza kidogo na harufu ya mbao kavu. Katikati ya daraja ndo mpaka wenyewe. Hakuna askari, hakuna geti, hakuna mtu wa kukuuliza unaenda wapi. Mimi nilijua nimevuka kwa sababu simu ilipiga kelele mfukoni, karibu nchi nyingine, na kifurushi changu cha Uswisi kikawa hakina kazi, na hiyo meseji sikuisoma nikaendelea kutuma video, bili ya mwezi ule nilikaa nayo kitandani naitazama. Zima data kabla hujakanyaga daraja. Siku nyingine ukiwa karibu na upande wa Austria inakamata ya Austria, yaani simu inazunguka nchi tatu na wewe umekaa tu kwenye benchi.

Ukitoka darajani ndo unaelewa nchi ilivyo, maana unaiona karibu yote kwa macho. Mto nyuma yako ndio mpaka wa magharibi, mbele kuna kipande cha tambarare chenye mahindi, ng'ombe, viwanda na nyumba, halafu ghafla milima inasimama kama ukuta, nyuma ya milima hiyo ni Austria. Basi, ndio nchi yenyewe. Ni kilomita za mraba 160, Unguja peke yake ingemeza Liechtenstein kumi, na kutoka Balzers kusini mpaka Ruggell kaskazini ni kama kilomita 25. Watu ni kama elfu 40 hivi, kwenye manispaa 11, na Vaduz ndio makao makuu lakini Schaan pale jirani ndio ina watu wengi zaidi kidogo. Uwanja wa ndege hakuna. Bahari ndo usiulize, Liechtenstein haina bahari na majirani zake wote wawili hawana bahari, duniani nchi za hivyo ziko mbili tu, nyingine ni Uzbekistan.

Viza: kama una ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inatosha, wameingia huko tangu 2011, hakuna viza yao peke yake, na mtu akikuuzia "viza ya Liechtenstein" kimbia. Hela ni faranga za Uswisi, wanazitumia toka 1924. Pasipoti tembea nayo hata kama hakuna anayeuliza, hasa ukitaka kutokea upande wa Austria. Ila ule muhuri wa ukumbusho, mimi nililipa faranga tatu nikagongewa kwenye pasipoti yangu ya kijani nikiona sifa, halafu mwaka uliofuata niko dirishani kwenye ofisi moja nashughulikia karatasi zangu, yule mama akafika kwenye ukurasa ule akaanza kuugeuzageuza, hii ni nini, nani kagonga, akaita mwenzake. Yakaisha salama lakini jasho lilinitoka. Waombe wakugongee kwenye postikadi au kadaftari, na ukifika hapo nunua na stempu za barua, wamekuwa wakiuza stempu kwa watu wa dunia nzima miaka na miaka, enzi za umaskini wao ilikuwa hela ya kueleweka kabisa ya serikali.

Ndiyo, umaskini. Hili wengi hawalijui, wanadhani pale wamezaliwa na hela. Mpaka baada ya vita kuu ya pili walikuwa wakulima wa kawaida tu wa milimani, na familia ya mtawala ikauza hadi mchoro wa Leonardo da Vinci, 1967, ukaenda Washington.

Sasa tuje kwa huyo mtawala, maana hapa ndo nchi inanogea. Kwa Kiswahili nchi ya namna hii huitwa utemi, na mimi mtu wa Tabora ukiniambia mtemi namwaza Mirambo, mtu aliyepata eneo lake kwa vita na kichwa. Hawa wa Liechtenstein walinunua! Familia ilikuwa ya matajiri wa huko Vienna, ina mashamba na makasri kila mahali ila haikuwa na ardhi iliyo moja kwa moja chini ya kaizari wa Dola Takatifu la Kiroma, lile dola kubwa la Ulaya ya kati enzi hizo, na bila hiyo hupati kiti kwenye baraza la dola. Wakatafuta inayouzwa. Wakanunua Schellenberg 1699, wakanunua Vaduz 1712, na 1719 kaizari akaziunganisha akaipa nchi jina la familia, ndo maana nchi ina jina la ukoo. Halafu hawakuhamia! Zaidi ya miaka 200 watemi wanakaa Vienna, wa kwanza kuja kuishi moja kwa moja ni Franz Joseph wa Pili, 1938. Ni kama mtu anunue kiwanja kwa ajili ya hati tu.

Na usidhani huyu mtemi ni wa kukata utepe na kupungia watoto mkono. Hans-Adam wa Pili ndiye mtemi tangu 1989, ila shughuli za kila siku alimkabidhi mwanae Alois 2004, na sheria ikipita bungeni bila wao kuridhia haiwi sheria. Bunge lina watu 25 tu, 15 wa eneo la juu, yaani kusini, na 10 wa eneo la chini, yaani kaskazini, wote chumba kimoja, yaani wanaenea kwenye kosta moja. Mwaka 2003 Hans-Adam alitaka katiba mpya inayompa nguvu zaidi, akasema wazi mkikataa narudi Vienna, wananchi wakapiga kura, wengi wakampa. 2012 ikaja kura ya kumpunguzia ile nguvu ya kuzuia matokeo ya kura za wananchi, asilimia 76 wakasema aachwe. Lakini katiba hiyohiyo inawaruhusu wananchi kupiga kura kuufuta utemi wenyewe, na manispaa yoyote ikitaka kujitoa ina njia ya kujitoa, na watu 1,000 wakisaini wanaweza kupeleka sheria kwenye kura ya wote. Mimi hii bado inanichanganya, yaani wanaweza kumtoa halafu hawataki. Nilimuuliza mfanyakazi mwenzangu ambaye ni mwenyeji wa huko, akasema wanasiasa wetu wote tumesoma nao shule moja, tunawajua, afadhali awepo mmoja asiyehitaji kura yangu. Sikukubaliana naye, na sikubaliani hadi leo, ila nilielewa.

Maana upande wa pili kuna bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mzaliwa wa huko, aliniambia ameolewa, amezaa wanne, amelima, na kura ya taifa hajawahi kuipiga mpaka ana nywele nyeupe. Wanawake walipata kura 1984! Wanaume walikataa 1971, wakakataa tena 1973, na hiyo 1984 ilipita kwa chupuchupu. Nikamwambia bibi, kwetu Bibi Titi Mohamed alikuwa bungeni mwanzoni mwa miaka ya 60. Akanitazama akacheka, akasema basi mngekuja kutufundisha. Aprili 2025 wamepata waziri mkuu mwanamke wa kwanza, Brigitte Haas, nilimkumbuka sana yule bibi.

Kasri ukilipanda kwa miguu kutoka mjini ni kanjia ka msituni, pumzi kidogo itakuhusu, ila jua kabisa kwamba hutaingia ndani, watu wanaishi mle. Kama una uwezo wa kuchagua siku, nenda tarehe 15 Agosti, sikukuu ya taifa, wananchi wanapanda juu kwenye uwanja wa kasri kusikiliza hotuba halafu kuna vinywaji bustanini, na usiku fataki. Siku nyingine ukishaona kasri kwa nje, shuka ukapande basi la Malbun, namba 21, hii ndo sehemu ambayo ile safari ya dakika arobaini inakunyima. Basi linapanda kona kwa kona kupitia Triesenberg, kijiji kimeninginia kwenye mteremko, watu wake walitokea Valais kule Uswisi karne nyingi nyuma na mpaka leo wana lahaja yao ambayo hata wa Vaduz wanaicheka, halafu kuna handaki, ukitokea ng'ambo umeingia kwenye bonde lingine kabisa na Malbun iko mita 1,600 juu. Hata Agosti beba sweta. Dereva ukimwambia "Hoi" atafurahi, ndo salamu yao.

Na mabasi ya asubuhi yamejaa watu wa kazini kutoka Uswisi na Austria, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa nchi ile jioni wanarudi kulala nje ya nchi. Kuna viwanda vya kweli pale, Hilti wa zile drili yupo Schaan, na Ivoclar wa vifaa vya meno bandia yupo Schaan pia, mimi ninayesafisha meno bandia ya wazee kila usiku nilipoona kile kiwanda nilisimama nikakisalimia.

Hapo ndo niseme la ajira, maana meseji nyingine zinakuja hivi, dada kuna ajenti ananiambia Liechtenstein wanatafuta watu wa kupaki, nitume laki nane. Usitume hata mia. Vibali vya kuishi pale vinabanwa mno, hata raia wa nchi za Ulaya wanapewa vichache kwa mwaka na sehemu yake vinachezeshwa kama bahati nasibu, kweli kabisa, bahati nasibu! Uraia kwa njia ya kawaida unasubiri miaka 30, au miaka 10 halafu majirani zako wa manispaa wakupigie kura. Mjerumani anacheza bahati nasibu, wewe ajenti wa Kariakoo akupitishie wapi?

Mara ya nne nilienda na mama. Alikuja na viza yake, tukapita darajani taratibu kwa sababu ya magoti, tukapanda lile basi mpaka Triesenberg, tukakaa mgahawani nikamwagizia ribel, chakula chao cha zamani cha unga wa mahindi, wanaupika na maziwa na maji halafu wanaukaanga na siagi unakuwa punjepunje. Bei sikumwambia. Akaonja, akaonja tena, akasema huu ni ugali aliupika mtu hana mwiko. Akamaliza sahani. Akataka kumpigia mama mdogo palepale amweleze, nikamwambia mama hapa hapana, bili, subiri turudi ng'ambo. Akasubiri kweli, ameshika simu mkononi njia nzima mpaka mwisho wa daraja, tulipokanyaga Sevelen akapiga, wakaongea nusu saa, ugali wa maziwa, mahindi ya huko mafupi, mtemi aliyenunua nchi, bibi aliyepewa kura uzeeni. Kasri hakulitaja hata mara moja.