Mistari miwili haitoshi: kwa wanaoanza kupima damu ya mbwa

Ukianza kazi kwenye kliniki ya wanyama hapa Dar, hutamaliza wiki bila kuletewa mbwa mwenye homa, fizi zimepauka, kupe wamejaa masikioni. Mwenye mbwa anataka neno moja tu: anao vimelea wa damu au hana. Kabla hujamjibu, jua kipimo ulichoshika kinatafuta nini. Kuna kinachomtafuta kimelea mwenyewe, kuna kinachotafuta protini anayoitoa, na kuna kinachotafuta kingamwili, yaani alama tu kwamba mwili uliwahi kukutana naye.

Vipimo vingi vya haraka (vya mistari) vya Ehrlichia ni vya aina hiyo ya tatu. (Ehrlichia ni bakteria, najua, ila analetwa na kupe yuleyule na kliniki tunamweka kapu moja na wengine.) Mbwa wa lindo aliyekulia kwenye kupe anaweza kutoa mistari miwili, yaani chanya, akiwa mzima kabisa. Hata mgonjwa akimaliza doksisaiklini (antibiotiki yake) ya siku 28, mistari hiyo inaweza kubaki miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo usimwandikie dozi ya pili kwa sababu ya mstari peke yake. Angalia platileti (chembe za kugandisha damu, ambazo Ehrlichia huzishusha): zikipanda na mbwa akarudia kula, dawa imefanya kazi. Upande wa pili, mbwa aliyeambukizwa juzijuzi anaweza kuwaka homa huku kipimo kikisoma mstari mmoja, yaani hasi, kwa kuwa kingamwili bado hazijatosha. Huyo rudia kumpima baada ya wiki mbili au tatu, na kama dalili zote zinaelekea huko, anza dawa bila kusubiri.

Slaidi, yaani kioo kilichopakwa damu cha kutazama kwa hadubini, ndiyo shule yenyewe. Ukimtafuta Babesia, kimelea wa kupe anayeishi ndani ya chembe nyekundu za damu, toa tone la kwanza kwenye ncha ya sikio, maana chembe zilizoambukizwa hupenda kukwama kwenye mishipa midogo. Halafu pitia kingo na mkia wa slaidi (pale damu iliyopakwa inapoishia nyembamba), usiishie katikati. Babesia wakubwa hukaa ndani ya chembe nyekundu wawili wawili, ncha zimekutana, na huyo hana ubishi. Tabu ni vile vinavyofanana naye. Unyevunyevu wa jiji hili, hasa wakati wa masika, huingia kwenye methanoli (spiriti ya kushikizia damu kwenye slaidi) iliyoachwa wazi, na slaidi inatoka na chembe zenye vitobo vinavyong'aa. Kijana anaita watu: "Babesia!" Zungusha fokasi taratibu. Kitobo kitametameta na kupotea, lakini kimelea ana kiini cha zambarau na mwili wa buluu, umebadilisha fokasi au hujabadilisha. Platileti iliyolala juu ya chembe nayo hudanganya, ila mara nyingi huwa na duara jeupe kuizunguka. Na damu iliyozurura na bodaboda tangu asubuhi usiitegemee. Paka slaidi palepale. Kumbuka pia kwamba slaidi safi haimtoi mbwa hatiani: mwenye maambukizi ya muda mrefu anaweza kuwa na vimelea wachache mno.

Kwa minyoo ya moyo, kipimo cha antijeni hunasa hasa protini ya majike waliokomaa. Madume peke yao, au maambukizi ya chini ya miezi mitano hivi, hayaonekani. Na ukiona mikrofilaria (watoto wa minyoo) wanacheza kwenye tone la damu, usikimbilie kumtaja Dirofilaria immitis, yaani mnyoo wa moyo. Watoto wa Acanthocheilonema, minyoo wa aina nyingine, nao huzunguka kwenye damu na hawana madhara makubwa. Fanya Knott (njia ya kuwakusanya mikrofilaria kutoka kwenye damu ili uwatazame kwa hadubini), pima urefu, tazama kichwa.

Sasa hesabu. Tuseme kipimo kinapatia mara 95 kwa 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Pima mbwa 1,000 ambao 20 tu ni wagonjwa: utapata chanya 68, na 49 kati yao ni wazima! Pima 1,000 wengine ambao 400 ni wagonjwa: chanya 410, wa uongo 30 tu. Kipimo hakijabadilika, waliobadilika ni mbwa. Ndiyo maana naudhika fomu ikirudi sehemu ya "anaishi wapi, ametoka wapi" ikiwa tupu. Mbwa wa ghorofani Masaki asiyetoka nje na mbwa wa yadi ya magari Mbagala hawasomwi sawa.

Maelezo hayo ndiyo pia yatakayokukumbusha ugonjwa ambao kipimo chako cha mistari hakina habari nao. Mbwa aliyekuwa Rufiji na jicho limeingia ukungu, mfikirie Trypanosoma, kimelea anayeenezwa na mbung'o: zungusha damu kwa mashine kwenye mrija mwembamba wa hematokriti, kisha tazama mara moja pale chembe nyeupe zinapokutana na plazma, vimelea wakiwa bado hai.

Ukipeleka sampuli maabara ya Temeke au kwingine kwa ajili ya PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea), itoe kabla ya dozi ya kwanza. Kama dawa imeshaingia, andika ni ipi na tarehe gani, kwa sababu majibu hasi baada ya siku mbili za doksisaiklini hayatakuambia mbwa alikuja na nini.